Uchaguzi wa Bunge la Wabaski nchini Hispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Matokeo ya uchaguzi wa Euskadi, yaani eneo la Wabaski lenye serikali yake ndani ya Hispania, hutangazwa usiku uleule wa Jumapili. Asubuhi yake wengi huanza kuhesabu vibaya: wanajumlisha kura za eneo zima, wanatafuta asilimia, kisha wanashangaa viti havilingani na asilimia hizo. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye jambo moja, kwamba huu si uchaguzi mmoja. Ni chaguzi tatu zinazofanyika siku moja, mmoja kwa kila mkoa, na kila moja ina kiti chake cha mwisho kinachogombewa kwa kura chache.

Kinachochaguliwa ni nini hasa?

Ni wabunge 75 wa Bunge la Wabaski, lenye makao yake mjini Vitoria-Gasteiz. Bunge hili ni la Jumuiya Huru ya Wabaski, Euskadi, yenye mikoa mitatu: Araba, Bizkaia na Gipuzkoa. Lilizaliwa na Sheria ya Gernika ya 1979, ambayo wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni tarehe 25 Oktoba mwaka huo. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 9 Machi 1980, ukiwa na viti 60. Tangu 1984 viti ni 75.

Mpiga kura hamchagui kiongozi wa serikali moja kwa moja. Kiongozi huyo, anayeitwa lehendakari, huchaguliwa na wabunge baadaye.

Je, Navarra imo?

Haimo. Kibaski kinazungumzwa Navarra, na vyama vya kizalendo vya Wabaski vinashiriki siasa zake, lakini kiutawala ni jumuiya nyingine, yenye bunge lake la viti 50 mjini Pamplona na uchaguzi wake yenyewe. Wabaski wa upande wa Ufaransa nao hawahusiki. Ukikuta ramani ya mikoa saba yenye jina la Euskal Herria, hiyo ni ramani ya utamaduni na lugha. Ramani ya uchaguzi huu ina mikoa mitatu tu.

Viti 75 vinagawanywaje kati ya mikoa?

Kila mkoa hupata viti 25, uwe mkubwa au mdogo. Hiki ndicho kiini cha uchaguzi wote.

Bizkaia, yenye jiji la Bilbao, ina wakazi zaidi ya milioni 1.1. Gipuzkoa ina zaidi ya 700,000. Araba ina kama 330,000 hivi. Ukigawa, kiti kimoja cha Bizkaia kinawakilisha watu wapatao 46,000, na kimoja cha Araba watu 13,000 tu. Kwa hiyo kura iliyopigwa Araba ina uzito wa kura tatu na nusu hivi za Bizkaia. Walioandika sheria walifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mikoa hii ilihesabiwa tangu zamani kuwa nchi tatu zenye hadhi sawa, kila moja na desturi zake za utawala. Hakuna aliyekubali kumezwa na mwenzake.

Tazama ya 1986. Chama cha PNV, kikuu cha kizalendo cha Wabaski, kilikuwa kimepasuka, na tawi lililojitenga likaunda EA. PNV bado iliongoza kwa kura katika Euskadi nzima, lakini ilipata viti 17, huku wasoshalisti wa PSE, walioshika nafasi ya pili kwa kura, wakipata 19. Hapakuwa na wizi wala kosa la kuhesabu. Kura za PNV zilikuwa zimerundikana Bizkaia, mahali ambapo kila kiti ni ghali. Mwaka 2024 pia PNV iliizidi EH Bildu, muungano wa mrengo wa kushoto unaotaka uhuru wa Wabaski, kwa kama kura 29,000 hivi, na bado vyama hivyo viwili vililingana kwa viti 27 kila kimoja.

Chama kinahitaji asilimia ngapi ili kipate kiti?

Angalau asilimia 3 ya kura halali, na asilimia hiyo hupimwa ndani ya kila mkoa, si katika eneo zima. Zamani ilikuwa asilimia 5. Ilipunguzwa mwaka 2000, ikatumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa 2001.

Kosa la kawaida ni kusoma asilimia ya Euskadi nzima. Vox, chama cha Hispania cha mrengo wa kulia kabisa, mwaka 2020 na tena 2024 ilikuwa na takribani asilimia 2 tu kwa ujumla, na mara zote mbili ilipata mbunge mmoja, kutoka Araba. UPyD, chama kingine kidogo cha Hispania, nayo iliingia bungeni 2009 kwa mlango huohuo. Chama kidogo chenye akili huelekeza fedha na nguvu zake Araba, kwa sababu kura elfu chache za huko zinaweza kuzaa kiti ambacho Bizkaia kingegharimu mara tatu yake.

Hesabu ya D'Hondt, inayogawa viti vya kila mkoa, inafanywaje?

Chukua kura za kila chama kilichovuka asilimia 3 katika mkoa. Gawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea. Panga majibu yote kuanzia kubwa. Viti vinafuata mpangilio huo hadi viishe.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna viti 7 na vyama vinne: A ina kura 100,000, B ina 80,000, C ina 30,000 na D ina 20,000. Namba kubwa saba ni hizi: 100,000 (A), 80,000 (B), 50,000 (A), 40,000 (B), 33,333 (A), 30,000 (C) na 26,667 (B). Hivyo A inapata viti 3, B viti 3, C kiti 1, na D haipati kitu.

Sasa angalia kiti cha saba. B imekichukua kwa 26,667. Aliyekuwa akimfuata ni A, kwa 25,000, yaani 100,000 kugawanya kwa 4. Kama A ingepata kura 6,700 zaidi, kiti kingekuwa chake. A ilimzidi B kwa kura 20,000, na bado wamelingana kwa viti. Katika mkoa halisi viti ni 25, kwa hiyo namba za mwisho huwa ndogo zaidi na hukaribiana sana. Anayefuatilia matokeo kwa makini haangalii tu nani anaongoza; anauliza kiti cha 25 kiko kwa nani, na nani anakifuata kwa kura ngapi.

Kwa nini matokeo ya Jumapili usiku hubadilika siku chache baadaye?

Kwa sababu kura za raia wanaoishi nje ya Hispania hazimo katika hesabu ya usiku huo. Huhesabiwa katika hesabu kuu, ambayo tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 huanza siku ya tano baada ya uchaguzi. Zamani ilikuwa siku ya tatu.

Kura hizo ni chache, ila kiti cha 25 hakihitaji nyingi. Mwaka 2009 zilimpa PSE kiti cha 25 kwa jumla, kilichotoka kwa EA mkoani Araba. Mwaka 2016 PNV ililala na viti 29, kisha ikabaki na 28 baada ya kiti kimoja cha Bizkaia kuhamia EH Bildu. Mwaka 2020 EH Bildu ndiyo iliyopoteza, ikishuka kutoka 22 hadi 21, na muungano wa PP, chama cha kihafidhina cha Hispania, na Ciudadanos ukapanda kutoka 5 hadi 6.

Pigo la 2016 lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. PNV na PSE kwa pamoja wangekuwa na viti 38, ambavyo ndivyo wingi kamili wa bunge la watu 75. Wakabaki na 37, na muhula mzima wakawa wanatafuta mtu wa kuwavusha: bajeti za 2017 na 2018 zilipita kwa msaada wa PP, na ya 2019 ilikwama, ikabidi ile ya mwaka uliotangulia iendelee kutumika.

Nani ana haki ya kupiga kura?

Raia wa Hispania aliyetimiza miaka 18 hadi siku ya uchaguzi na aliyesajiliwa kuwa mkazi wa manispaa yoyote ya Euskadi; walioko nje wana daftari lao, linaloelezwa chini. Wafungwa wana haki hiyo, na tangu 2018 watu wenye ulemavu wa akili hawazuiwi tena.

Mimi ni Mkenya (au Mtanzania, au Mkongo) ninayeishi Bilbao kihalali. Naweza kupiga kura?

Hapana, hata ukiwa na kibali cha kudumu. Hata Mfaransa au Mwitaliano hawezi, ingawa anaruhusiwa katika uchaguzi wa manispaa. Uchaguzi wa bunge la Euskadi ni wa wenye uraia wa Hispania peke yao. Kwa watokao Afrika Mashariki njia ya kawaida ya uraia inadai miaka 10 ya kuishi nchini kihalali mfululizo. Kwa aliyeoana na raia ni mwaka 1. Kujisajili kwenye manispaa, empadronamiento, kuna faida nyingi za huduma, lakini hakukupi kura hii. Wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Natakiwa kwenda kujiandikisha?

Aliyezoea foleni za kuandikisha wapiga kura atashangaa: ukiwa raia na umesajiliwa kwenye manispaa, jina lako linaingia daftarini lenyewe. Kinachowaponza watu ni tarehe. Daftari linalotumika ni lile lililofungwa siku ya kwanza ya mwezi wa pili kabla ya mwezi wa kuitisha uchaguzi. Uchaguzi wa 2024 uliitishwa Februari, kwa hiyo daftari lilikuwa la tarehe 1 Desemba 2023. Aliyehama Donostia (San Sebastián), mji wa Gipuzkoa, kwenda Bilbao mwezi Januari alitakiwa kupiga kura Donostia. Baada ya uchaguzi kuitishwa, madaftari huwekwa wazi kwa siku 8 ili watu wakague na kulalamika. Kagua wakati huo. Siku ya kura hakuna wa kukusaidia.

Siku ya uchaguzi mambo yanakwendaje?

Vituo hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Chukua kitambulisho chako cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, yoyote yenye picha. Kikiwa kimekwisha muda bado kinakubaliwa. Kadi inayoletwa kwa posta ni ya kukujulisha kituo na meza yako tu. Huhitaji kuionyesha, na wala haitoshi peke yake.

Karatasi za kura zimepangwa mezani, kila chama na yake, na kuna kibanda chenye pazia kwa anayetaka faragha. Unachukua karatasi ya chama kimoja, unaitia kwenye bahasha, unakwenda kwenye meza yako na kusema jina. Wasimamizi wanalitafuta daftarini, kisha unaitumbukiza bahasha sandukuni. Hakuna kalamu, hakuna alama ya vema, hakuna wino kidoleni. Orodha ya majina imefungwa: huwezi kumruka wa kwanza ukamchagua wa tano.

Mwajiriwa aliye kazini Jumapili hiyo ana haki ya kupewa muda usiozidi jumla ya saa nne wa kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, kulingana na zamu yake inavyogongana na saa za kituo.

Nini kinaharibu kura?

Kukata jina, kuongeza jina, kuandika maneno au kuchora chochote kwenye karatasi. Kuitia karatasi bila bahasha. Kuweka karatasi za vyama viwili tofauti ndani ya bahasha moja. Ukiweka karatasi mbili za chama kilekile, kura yako ni halali na inahesabiwa moja.

Bahasha tupu ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kura nyeupe, na ni halali. Haimpi mtu kiti, lakini inaongeza idadi ya kura halali, na hivyo inakiinua kidogo kizingiti cha asilimia 3. Anayetupa bahasha tupu kuwapinga wakubwa huwa anawazidishia ugumu vyama vidogo. Kura iliyoharibika haina athari hiyo.

Kura zilizoharibika ziliwahi kuwa silaha ya kisiasa. Mwaka 2009 mahakama zilifuta orodha za D3M na Askatasuna kwa kuhusishwa na Batasuna, chama kilichopigwa marufuku 2003 kwa uhusiano wake na ETA, kundi lililopigania uhuru wa Wabaski kwa silaha. Wafuasi waliitwa watumbukize karatasi zilizofutwa, na kura takribani 100,000 zikahesabiwa kuwa zimeharibika. Kwa kuwa hazikuzaa kiti hata kimoja, PSE (25) na PP (13) walifikia 38 kamili, na Patxi López wa PSE akawa lehendakari wa kwanza tangu 1980 asiyetoka chama cha kizalendo cha Wabaski. ETA ilitangaza kusitisha kabisa mapigano Oktoba 2011. Mwaka uliofuata wapiga kura hao walirudi kupitia EH Bildu na viti 21.

Kura ya posta inaombwaje?

Omba kwenye ofisi ya posta, Correos, au mtandaoni ukiwa na cheti cha kidijitali, kuanzia uchaguzi unapoitishwa hadi siku ya 10 kabla ya kura. Karatasi za vyama vyote zinaletwa nyumbani kwa barua ya rejista. Chagua, funga bahasha, rudisha posta ukiwa na kitambulisho. Sheria inataka iwe imepelekwa kabla ya siku ya tatu kutangulia uchaguzi, na kungoja siku ya mwisho ni kujitafutia foleni.

Onyo moja: ukishaomba posta, huwezi kubadili nia ukaenda kituoni. Jina lako limekwisha kuwekwa alama, hata kama bahasha hukuituma.

Mbaski anayeishi Nairobi au Dar es Salaam apige vipi?

Awe kwenye daftari la wakazi wa nje kupitia ubalozi wa Hispania. Hadi 2022 ilimbidi aombe karatasi kila uchaguzi, na wengi walizikosa au zilichelewa. Sasa zinatumwa bila kuombwa. Anaweza kupiga kwenye sanduku la ubalozi au kuituma kwa posta. Kosa kubwa ni anwani ya zamani: aliyehama mtaa bila kuuarifu ubalozi, karatasi zake zitakwenda kwa mpangaji mwingine. Na wenye masanduku ya posta badala ya anwani ya nyumba wahakikishe namba iliyoandikwa ubalozini ni sahihi.

Nimepata barua kwamba nimechaguliwa kusimamia meza. Ni lazima?

Ndiyo. Kila meza ina mwenyekiti na wajumbe wawili, na kila mmoja ana wa akiba wawili, wote wakiwa raia wa kawaida waliopatikana kwa bahati nasibu kutoka daftarini. Una siku 7 za kuleta udhuru wenye ushahidi. Aliyefika miaka 65 anaweza kukataa. Usipotokea bila sababu ni jinai: kifungo cha miezi 3 hadi mwaka 1, au faini. Fika saa 2 asubuhi, wa akiba pia.

Kura zikiisha saa 2 usiku, kwanza hutiwa za posta, kisha wasimamizi wenyewe wanapiga, wakiwa wa mwisho kabisa. Hesabu ni ya hadharani. Mwenyekiti anafungua bahasha mojamoja, anasoma jina la chama kwa sauti na kuwaonyesha mawakala. Mwisho karatasi huharibiwa palepale, isipokuwa zilizokataliwa au zilizobishaniwa, ambazo hufungwa pamoja na taarifa ya meza. Ndiyo maana wakala asiyepinga papo hapo hana cha kuonyesha kesho yake.

Orodha za wagombea zinapangwaje?

Sheria ya usawa ya Euskadi ya 2005 inadai wanawake wasipungue nusu ya orodha, na nusu hiyo ipatikane katika kila kundi la majina sita. Chama hakiwezi kuwajaza wanawake mkiani.

Nani anakuwa lehendakari vyama vikilingana?

Yule anayekusanya wabunge wengi zaidi ukumbini. Utaratibu wa hapa una upekee: mbunge hutaja jina la mgombea au anajizuia. Kura ya "hapana" haipo. Raundi ya kwanza inataka kura 38; ikishindikana, raundi ya pili anashinda mwenye nyingi. Kwa hiyo upinzani uliogawanyika hauwezi kumzuia mtu. Ni lazima uwe na mgombea wake.

Mwaka 2005 Juan José Ibarretxe wa PNV alishinda hivyo kwa kura 34 dhidi ya 33 za López, kwa msaada wa wabunge wawili wa EHAK, chama cha Wabaski cha mrengo wa kushoto. Mwaka 2016 Iñigo Urkullu wa PNV, akiwa na zile 37 za PNV na PSE, alilazimika kungoja raundi ya pili. Mwaka 2024 PNV na PSE walikuwa na 39, wakamchagua Imanol Pradales wa PNV Juni mwaka huo katika raundi ya kwanza. Pello Otxandiano wa EH Bildu alibaki na 27 za chama chake. Lehendakari huapa Gernika, chini ya mti wa mwaloni.

Bunge hili lina mamlaka gani?

Makubwa: polisi wa Ertzaintza, elimu, na huduma ya afya ya Osakidetza, ambayo foleni zake ndizo zilizotawala kampeni za 2024. Lakini kodi ya mapato si yake. Hiyo huamuliwa na mabaraza ya mikoa, Juntas Generales, yenye wajumbe 51 kila moja na yanayochaguliwa siku ya uchaguzi wa manispaa. Mgombea ubunge anayeahidi kukupunguzia kodi ya mapato anaahidi kitu kilicho mezani pa wengine.

Uchaguzi ujao ni lini?

Muhula ni miaka minne, kwa hiyo ni 2028, isipokuwa lehendakari avunje bunge mapema. Tangazo likishatoka kwenye gazeti rasmi, kura hupigwa siku ya 54: la 2024 lilitoka 27 Februari, watu wakapiga 21 Aprili. Kampeni huchukua siku 15, siku moja kabla ya kura huwa ya kutafakari, na matokeo ya tafiti za maoni ya wapiga kura hayaruhusiwi kuchapishwa siku 5 za mwisho. Mwenye nia ya kuhama ahesabu kurudi nyuma kutoka hapo, maana daftari huwa limefungwa hata kabla tangazo halijatoka.